Kiangazi cha Ufipa: Historia ya Joto na Kinga Yake katika Nchi ya Juu

Majina ya majira katika Kiswahili yalizaliwa pwani. Kaskazi na kusi ni majina ya pepo kwanza, ndipo yakawa majina ya nyakati. Masika na vuli ni mvua mbili za nchi iliyo karibu na bahari. Kipupwe ni ubaridi uletwao na upepo wa kusi katikati ya mwaka. Majina haya yalipopanda bara pamoja na misafara ya karne ya 19, yalikuta nchi zisizo na pepo mbili wala mvua mbili. Ufipa ni mojawapo ya nchi hizo. Huko maneno yalipokewa, lakini majira yenyewe hayakubadilika ili yaafikiane nayo. Jambo hili si la wachunguzi wa lugha peke yao. Onyo la joto kali hutolewa kwa maneno, na neno lisipolingana na nchi, onyo humkosa yule aliyekusudiwa.

Ufipa ni uwanda wa juu ulioinuka kati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake u kadiri ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa, kadiri ya mita 800. Baina yao ardhi hupanda mpaka mji wa Sumbawanga, ulio karibu mita 1,800, na milima ya Mbizi huzidi mita 2,000. Upande wa Rukwa uwanda hukatika ghafula kwa ukuta mrefu wa mawe na misitu uitwao Lyamba lya Mfipa, na chini yake limetandaza bonde. Mtu asimamaye juu ya ukuta huo huona kwa mara moja nchi mbili: nyuma yake majani na upepo, mbele yake bonde lililofunikwa na ukungu wa joto.

Mvua ya Ufipa ni moja. Huanza Novemba na kukoma Aprili, na miezi iliyosalia ni mikavu. Neno ambalo Kiswahili hutumia kwa miezi hiyo mikavu ni kiangazi. Asili yake yaelekea kuwa katika mwanga na kuangaza, yaani wakati ambapo mbingu zi wazi. Pwani neno hilo limezoea kuambatana na joto, kwa sababu miezi ya jua kali huko ni ile ya kaskazi, baina ya Desemba na Machi, wakati mvua za vuli zimekwisha na masika hayajaanza. Ufipa katika miezi hiyo hiyo ya kaskazi mvua hunyesha, mawingu hufunika jua, na joto la mchana hupungua. Kiangazi cha Ufipa chenyewe huanza kwa baridi: katika Juni na Julai usiku wa Sumbawanga humfanya mtu ajifunike blanketi na kuota moto. Joto huja mwishoni, katika Septemba, Oktoba na siku za kwanza za Novemba. Hivyo neno moja, kiangazi, limebeba huko mambo mawili yanayopingana.

Sababu ya joto la Oktoba yaweza kuelezwa kwa hesabu. Sumbawanga iko karibu digrii 8 kusini mwa ikweta. Jua la mchana hupita juu ya utosi mahali hapo mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba, na tena karibu na mwisho wa Februari. Katika Februari mawingu ya mvua huzuia sehemu kubwa ya nguvu zake, na ardhi iliyolowa hupoa kwa mvuke wake wenyewe. Katika Oktoba hakuna wingu wala unyevu. Majani yamekauka au yameungua kwa mioto ya kiangazi, udongo umekuwa mweusi na mtupu, na jua la utosini halina kizuizi. Kwa hiyo mwezi ulio mwepesi kwa mtu wa Dar es Salaam akiulinganisha na Februari yake, ndio mwezi mzito kwa mtu wa bonde la Rukwa.

Lakini mwezi peke yake hautoshi kueleza joto la nchi hii. Hewa hupungua joto kadiri mtu apandavyo, kwa wastani wa digrii 6 na nusu za sentigredi katika kila mita 1,000. Na hewa ikiwa kavu sana, kama ilivyo Oktoba mchana, tofauti yaweza kukaribia digrii 10. Tofauti ya kimo baina ya Sumbawanga na ziwa ni mita 1,000 hivi. Maana yake ni kwamba mtu ashukaye kutoka mjini hadi bondeni hupita, katika safari ya siku moja, kutoka hewa ya mchana mwema hadi hewa inayoweza kuangusha mtu. Ndiyo sababu historia ya joto katika Ufipa ni historia ya kupanda na kushuka.

Kumbukumbu iliyoandikwa ya safari ya namna hiyo ni ile ya David Livingstone. Aliondoka Unyanyembe karibu na Tabora mwezi wa Agosti 1872, akafika ufuko wa Tanganyika mwezi wa Oktoba, kisha akafuata upande wa mashariki wa ziwa kuelekea kusini. Alikuwa amechagua, bila ya kukusudia, mwezi mbaya kuliko yote na mahali pabaya kuliko pote: chini ya uwanda, katika vilima vya mawe vinavyoteremka mpaka majini, wakati jua likiwa utosini. Shajara yake ya siku hizo imejaa habari za jua na uchovu, wake na wa watu wake. Alikuwa mgonjwa tangu kabla ya safari, wala haifai kusema kwamba joto ndilo lililomwua. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, mbali kusini, katika nchi ya majimaji na mvua. Hata hivyo safari ya Oktoba ilichukua nguvu ambazo hakuzipata tena.

Funzo la safari hiyo lilibaki kwa watu wake. Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, walipoamua kuuchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani, iliwapasa kupita tena nchi ile ile katika kiangazi cha 1873. Safari hii hawakuufuata ufuko wa ziwa. Walikuwa wameujua ugumu wake, basi wakashika njia ya mashariki zaidi, juu katika nchi ya Wafipa, wakaiona kuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza. Walifika Unyanyembe Oktoba 1873, na mwili ukafika Bagamoyo Februari 1874. Sifa za uaminifu wao zimeandikwa mara nyingi. Akili yao katika kuchagua njia imetajwa kwa uchache. Mizigo ile ile, miezi ile ile ya ukavu, lakini njia ya juu badala ya njia ya chini. Vilima vya ufuko vilikuwa sababu yao kubwa, lakini faida ya hewa iliambatana nayo.

Chuma alirudi tena katika nchi hiyo akiwa mkuu wa msafara wa Joseph Thomson, ambao ulitoka Dar es Salaam mwaka 1879. Mwaka 1880 Thomson alipita Ufipa na kuliona Ziwa Rukwa kutoka juu ya ukuta wake, akalipa jina la mfalme wa Wabelgiji, Leopold, jina ambalo halikudumu.

Wenyeji wa nchi, hata hivyo, hawakuweza daima kukaa juu. Bonde lilikuwa na vitu ambavyo uwanda haukuwa navyo, na cha kwanza ni chumvi. Huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, uchimbuzi wa wanaakiolojia umeonyesha kwamba watu walipika chumvi tangu karne ya 13 hadi ya 15. Kazi hiyo ni ya kiangazi kwa lazima, kwa maana mvua hufunika chemchemi na kuzimua maji yake. Basi mpika chumvi alikaa kando ya moto katika bonde lenye joto, katika majira yenye joto kuliko yote ya mwaka. Ni vigumu kupata kazi iliyomweka mtu karibu zaidi na hatari hii. Tena kitu alichokuwa akikitafuta ndicho mwili wake ulichokuwa ukikipoteza kwa jasho.

Kazi ya pili ya moto ilikuwa ya chuma, nayo ilifanywa juu uwandani. Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo zilizoitwa malungu, kila moja ikiwa na kimo cha mita 3 hivi, zenye matundu chini ya kuvutia hewa. Ilungu halikuhitaji mivukuto: urefu wake uliifanya hewa ipande yenyewe, na moto ukaendelea siku kadhaa mpaka mawe ya chuma yakalainika. Baadaye chuma kile kibichi kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambamo mivukuto ilitumika kwa muda mfupi zaidi. Habari za ufundi huu ziliandikwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937 na tena 1958, wakati kazi yenyewe ilipokuwa imekwisha kufifia kwa sababu ya chuma cha madukani. Wachunguzi wameusifu kwa sababu ya chuma chake. Yafaa kuongeza jambo lingine: tanuri linalojivutia hewa lenyewe humwondolea mtu haja ya kukaa mbele ya moto siku nyingi akipiga mivukuto. Haiwezi kudaiwa kwamba mafundi walibuni kimo cha ilungu kwa kukimbia joto. Lakini walioufanya ufundi huo katika miezi ya jua walipata nafuu hiyo.

Kilimo nacho kina ushahidi wake. Mkulima wa Kifipa hujulikana kwa matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Majani ya uwandani hukatuliwa na kufukiwa ndani ya udongo yaoze, nayo huwa mbolea ya ulezi na maharagwe ya msimu ufuatao. Kazi hiyo, iliyo nzito kupita zote za jembe, hufanywa wakati mvua haijaisha, udongo ukiwa laini. Sababu ya kwanza ni udongo wenyewe, ambao katika Oktoba huwa mgumu kama tofali. Lakini matokeo yake ni kwamba kalenda ya jembe iliwaepusha watu na kazi nzito chini ya jua la utosini. Jambo hili lina maana kubwa katika nchi ambayo sehemu yake kubwa ni majani matupu, isiyo na mti wa kumpa mkulima kivuli.

Utawala wa kigeni uliingia nchi hii kwa njia ya ziwa, na kwa hiyo ulianzia chini. Wajerumani waliweka boma lao Kasanga, ufukoni, wakapaita Bismarckburg. Majeshi ya Waingereza yaliliteka mwezi wa Juni 1916. Baadaye utawala wa wilaya ulikaa juu ya uwanda, na mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974 makao yake yaliwekwa Sumbawanga. Barabara, maji, mazao na wingi wa watu vyote vilikuwa na sehemu katika mabadiliko hayo, na hewa pia.

Wazungu wa siku hizo walikuwa na elimu yao ya joto, nayo ilikuwa na kosa. Waliamini kwamba mionzi ya jua la nchi za joto hupenya fuvu na uti wa mgongo na kuudhuru ubongo moja kwa moja. Kwa hiyo kofia nene ya jua ilihesabiwa kuwa kinga ya uhai, na mtu aliyevua kofia yake dakika chache alionywa kama mtu aliyekunywa sumu. Imani hiyo iliachwa katika miaka ya Vita Kuu ya Pili na baada yake, maelfu ya askari walipofanya kazi vichwa wazi wasipatwe na yale yaliyotabiriwa. Msemo wa Kiswahili, kupigwa na jua, hufanana nayo kidogo, kana kwamba jua ni fimbo ishukayo kichwani. Kofia ina faida yake, lakini hatari haimo kichwani peke yake. Mtu aweza kupatwa na maradhi ya joto akiwa kivulini, au ndani ya nyumba ya mabati, au usiku, ikiwa mwili wote umeshindwa kutoa joto lake.

Elimu ya leo hueleza jambo hili hivi. Mwili hukaa karibu na digrii 37. Ukipata joto, damu hukimbilia kwenye ngozi na jasho hutoka. Jasho likikauka huondoka na joto. Maji yakipungua mwilini, au kazi ikizidi, au hewa ikiwa na unyevu mwingi kiasi cha jasho kutokauka, kinga hiyo hushindwa. Dalili za kwanza ni kiu, kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukakamaa, na mkojo kuwa mchache na wa rangi nzito. Joto la mwili likipita digrii 40, mtu huanza kuchanganyikiwa, huweweseka, huweza kuzimia, na asiposaidiwa upesi hufa.

Katika Ufipa dalili hizi zina hila mbili. Hila ya kwanza ni ukavu. Katika Oktoba jasho hukauka kabla halijaonekana, na mtu hudhani kwamba hapotezi maji, hali anayapoteza kila saa. Hila ya pili ni upepo wa uwandani. Hewa ya mita 1,800 ni baridi kiasi, lakini nguvu ya mionzi inayounguza ngozi huongezeka kadiri ya sehemu 10 katika 100 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mtu huungua bila ya kusikia joto. Kwa watu wenye ualbino hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa ngozi yao haina kinga ya rangi. Kwao nguo ndefu na kofia pana si mapambo, bali ni dawa ya kuzuia saratani.

Lakini hatari iliyo mpya kabisa ni ya barabara. Zamani mtu wa Sumbawanga aliyekwenda Muze au Mtowisa alishuka ukuta kwa miguu. Alianza kabla ya mapambazuko, akapumzika njiani, akalala bondeni, akarudi baada ya siku kadhaa. Leo gari humshusha kwa muda mfupi, naye huanza kupakia mpunga au samaki saa sita mchana, jua likiwa juu ya kichwa chake. Mwili wake haukushuka kwa mwendo wa gari. Mwili wa binadamu huhitaji siku 7 hadi 14 ili kuzoea kazi katika joto: jasho huanza mapema zaidi, chumvi yake hupungua, na moyo hupunguza mapigo. Mwenyeji wa bondeni anayo mazoea hayo. Mgeni kutoka juu hana, ijapokuwa wote wawili ni watu wa mkoa mmoja na husikia tangazo moja la redio. Na kwa kuwa dunia yote imepata joto zaidi ya digrii 1 tangu mwisho wa karne ya 19, nafasi ya kukosea imepungua.

Kinga zenyewe si ngeni, nazo zinaafikiana na yale yaliyoonwa katika historia. Kazi nzito ifanywe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Anayeshuka kutoka uwandani afanye kazi nusu katika siku za kwanza, kisha aongeze. Maji yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu, na chakula chenye chumvi kisikosekane kwa atokaye jasho kutwa. Nguo ziwe pana na nyepesi. Watoto wachanga, wazee, wajawazito na wagonjwa wasiachwe ndani ya gari lililosimama juani wala chini ya bati bila ya hewa. Aliyeanza kuchanganyikiwa apelekwe kivulini mara moja, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji na kupepewa, na apelekwe hospitali. Wala asinyweshwe chochote akiwa amezimia, maana maji yatamwingia mapafuni.

Limebaki swali la maneno. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya majina ya majira kama yalivyojulikana pwani, na kamusi zilizofuata zikaurithi msingi huo. Hilo si kosa la kamusi. Lugha ina kwao, na kwao Kiswahili ni ufukoni. Lakini Kiswahili sasa kinasemwa mahali ambapo joto halifuati kaskazi. Onyo lisemalo kwamba watu wajihadhari na joto la kiangazi litamfikia mtu wa Sumbawanga akiwa amejifunika blanketi la Julai, naye atalipuuza. Nalo likirudiwa Oktoba, atakuwa amekwisha kuzoea kulipuuza. Onyo lifaalo Ufipa hutaja mambo matatu: mwezi kwa jina lake, saa za mchana, na mahali, kama ni juu au bondeni. Kifipa na lugha za jirani zina maneno yao ya nyakati za mwaka na ya sehemu za mlima. Maneno hayo yastahili kukusanywa kutoka kwa wazee wa Nkasi, Kalambo na Sumbawanga wangali hai, kwa sababu yalitungwa na watu waliolazimika kujua, kabla ya kushuka, ni joto gani linalowangoja chini.